Mkaa wa Beseni na Mkaa wa Gunia

Vitonge vya mkaa vilivyokuwa kwenye beseni jekundu vilikuwa vyepesi. Niliona hilo nilipokuwa nikivigeuza juani, kazi yangu ya kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Vya kwenye gunia vilikuwa vizito, na vilinuka kidogo.

Naishi na mama mdogo Eufrasia hapa Songea. Yeye hupika uji na ugali nyuma ya zahanati, kwa ajili ya wagonjwa na ndugu wanaowauguza. Mkaa tunautengeneza wenyewe. Tunachoma magunzi ya mahindi ndani ya pipa mpaka yawe meusi, tunayatwanga, tunachanganya na uji wa muhogo, kisha tunafinyanga vitonge. Lakini magunzi ya mtaani kwetu yaliisha, na jirani yetu, mzee Otto, akatuletea mashina ya tumbaku kutoka Namtumbo. Mama mdogo akayachoma pamoja na magunzi machache yaliyobaki. Huo ndio mkaa uliojaa kwenye gunia.

Ndipo zahanati ikatangaza kwamba nyuma ya wodi ya watoto hapatakiwi moshi tena. Anayetaka kuendelea kupika pale, mkaa wake ujaribiwe kwanza na upewe kibali. Mama mdogo hana mahali pengine pa kupikia. Akaokota magunzi safi huku na huku, akatengeneza vitonge vichache tu, akavianika kwenye lile beseni.

Siku ya kujaribu mkaa nilibeba beseni mimi. Bibi afya, jina lake Judica, aliwasha jiko karibu na dirisha la wodi. Vitonge vikashika moto taratibu, vikawa vyekundu bila moshi. Sabra, binti wa muuza maandazi, akasema hata nzi wa pale hawajakohoa. Watu wakacheka.

"Dada Eufrasia, huu ndio mkaa unaotumia kila siku?" Judica aliuliza.

"Ndio huu," alijibu mama mdogo.

Judica akatoa kalamu. Mimi ni mtu wa aibu. Hata nikisalimiwa huitikia nikitazama chini. Siku ile nilitazama chini vilevile, lakini nikasema, "Wa kila siku uko kwenye gunia."

Mama mdogo hakunitazama. Judica alikwenda mwenyewe kwenye gunia, pale tunapopikia, akachukua vitonge na kuviweka jikoni. Moshi mzito wenye harufu kali ukapanda. Ndani ya wodi watoto wakaanza kukohoa, na mama mmoja akafunga dirisha kwa haraka. Judica akalibeba jiko, akalipeleka mbali.

Kibali hatukupewa. Mama mdogo aliambiwa aache kabisa tumbaku, arudi na mkaa mwingine.

"Leo bubu kasema," Sabra alininong'oneza, "na sasa mtapika wapi?"

Tulipika nyumbani, tukabeba masufuria kichwani mpaka zahanati. Chakula kilifika kimepoa, wateja wakapungua. Jioni tulikwenda mbali, kwenye mashine ya kupukuchulia mahindi iliyo barabara ya Namtumbo, tukaomba magunzi yaliyotupwa. Mwenye mashine akafurahi kusafishiwa uwanja. Mama mdogo hakunigombeza.

Tuliporudi kwa Judica, hakungoja kuletewa beseni. Aliingiza mkono mpaka chini ya gunia, akachagua mwenyewe. Moto ukawaka safi. Safari hii aliandika kibali.

"Kibali hiki si cha vitonge nilivyochoma mimi," alimwambia mama mdogo. "Ni cha vile utakavyochoma nisipokuwepo. Watoto wa humo ndani wanavuta hewa kila siku, siyo siku ya majaribio tu."

Mama mdogo akaomba radhi. Judica akanigeukia, akasema kwamba kweli ikisemwa kwa sauti ndogo bado ni kweli, na nisiache kuisema.

Baadaye, tukiwa tunakoroga uji, mama mdogo aliniuliza, "Fausta, wewe hata chumvi dukani unashindwa kuomba. Siku ile ulipata wapi moyo?"

Nilipangusa mwiko ukingoni mwa sufuria. Kisha nikamwambia, "Mama mdogo, tangu tulipoanza kuchoma yale mashina unakohoa usiku. Silali. Nakusikiliza, na naogopa."