Swali la Nne

Jumatatu ya Julai 14, saa moja na nusu asubuhi, Mzee Uwesu alimeza kijiko cha tatu cha uji, akakohoa, na kikohozi hakikukoma mpaka pumzi ilipokatika. Saa mbili cherehani yake pale barazani, mtaa wa Ng'ambo, ilikuwa imefunikwa kitenge. Binti yake Najiat alikuwa amekaa chini na kijiko mkononi.

"Baba katoka hospitali Ijumaa anaongea," kaka yake Selemani alisema msibani, watu wote wakisikia. "Ama nesi kamuua, ama wewe na uji wako."

 Najiat alitaka kujua kama ni kweli.

Alhamisi, saa nne, waliitwa kituo cha polisi pamoja na nesi. Mpelelezi Koleta aliweka mezani fomu ya kipimo cha kumeza, ambacho marehemu alipimwa baada ya kiharusi: maswali kumi, kila moja alama sifuri hadi nne. Jumla ilikuwa mbili; hatari huanzia tatu. Chini nesi huyo, Theodora, alikuwa ameandika: *Anaruhusiwa uji mwepesi.*

"Swali la nne umempa sifuri," Koleta alisema. "Mtu anayekohoa kila akinywa?"

"Nilisoma kama lilivyoandikwa, afande. 'Je, unakabwa unapokunywa?' Akacheka. Akasema hajawahi."

"Mwongo!" Selemani alipiga meza. "Mgonjwa wa kiharusi anacheka nini?"

"Alicheka," Najiat alisema taratibu. "Ijumaa, kwenye bajaji, aliniambia: 'Yule binti ananiuliza kama nakabwa. Uzee huu, kibaka ataniibia nini?'"

Koleta aliacha kuandika. "Nyumbani mngesemaje?"

"Kupaliwa. Kukabwa ni kazi ya vibaka."

Aliyekigeuza kipimo hicho kutoka Kiingereza alikuwa Dokta Silasi. Alileta faili la kipimo kituoni mwenyewe, hasira zimempanda.

"Wagonjwa thelathini waliyahakiki maswali haya Juni, kabla hayajaanza kutumika. Wote walielewa. Alama ya dole gumba ya kila mmoja ipo. Msinitafutie lawama za nesi mzembe na binti aliyeishia kidato cha nne."

Najiat aliomba kuziangalia alama hizo. Miaka tisa alikuwa akishona matundu ya vifungo kando ya baba yake, na jicho lake lilizoea vitu vidogo. Dole la kwanza lilikatwa na mstari mweupe wa mshazari. La pili pia. Akafunua mpaka la thelathini, mstari ni ule ule, kisha akamnong'oneza Koleta. Waligawana majina ya wagonjwa wa kwenda kuwatafuta.

Jumanne, saa tano, Koleta aliwakusanya wote hospitalini. Pembeni alikaa Bibi Minza kutoka Nzega, mgonjwa wa saba kwenye faili.

"Shikamoo bibi. Huyu dokta alikuja kwako Juni?"

"Marahaba. Hapana, ndiyo kwanza namwona leo."

"Bibi amesahau," Silasi alisema.

"Basi msomee swali la nne," Najiat alisema.

Silasi alimtazama kama anayemtazama nzi kwenye chai. Akasoma: "Je, unakabwa unapokunywa?"

Bibi Minza alishika shingo yake. "Nikabwe na nani? Nakaa na wajukuu tu."

"Na maji yakienda njia siyo, bibi?"

"Hapo nimepaliwa. Mbona kila siku napaliwa?"

Theodora alifunika uso kwa viganja.

"Dokta, dole gumba," Koleta alisema.

Silasi alikunja ngumi. Koleta akaukamata mkono, akaukunjua. Kovu lilikuwa pale, la mshazari.

"Mlitaka nifanyeje?" Silasi alifoka. "Mwenzangu wa Dar es Salaam alikuwa anakaribia kumaliza tafsiri yake. Jina la kwanza kuchapishwa lingekuwa lake! Nizunguke Nzega na Igunga mwezi mzima, Kiswahili nilichokisomea chuo kikuu nikafundishwe na bibi asiyejua kusoma?"

"Ndiyo," Najiat alisema. "Angekufundisha neno moja."

Selemani alitaka kumrukia, Koleta akamzuia kwa bega. Pingu zilifungwa saa sita kasoro dakika kumi.

Nje, Selemani alimwita dada yake. Najiat aliendelea kutembea.

Theodora amerudi wodini. Fomu mpya hazijachapwa. Kwenye zile za zamani, swali la nne, neno *unakabwa* limekatwa kwa kalamu, na juu yake limeandikwa kwa mkono: *unapaliwa*.