Osho la Pili la Gurudumu

Jioni hiyo pale Kola, fundi Wathome alikuwa na kazi ya kawaida tu: kusafisha vyuma vya injini ya trekta kuukuu ya marehemu Masila, ili mjane wake, Kalondu, awahi kulima kabla ya mvua. Gurudumu zito la injini, ambalo halikuwa na kifuniko, ndilo lililomnasa Masila mkono wa koti, likamvuta hadi akafa. Damu yake ilikuwa bado imegandia kwenye meno ya gurudumu.

"Hilo usiguse," Kalondu alikuwa amemsihi asubuhi. "Kwanza mzee wa mila aje na ng'ondu, ile dawa ya mbuzi na mitishamba, alitakase. Mume wangu, Baba Kaluki, apumzike."

Wathome, mzee wa kanisa, alicheka mbele ya watu. "Mwaitu, mama yangu, hayo ni mambo ya kizamani! Ng'ondu yangu mimi ni mafuta ya taa."

Watu wakacheka pia. Kalondu aliinamisha kichwa, akaenda zake.

Sasa jua lilikuwa linazama. Lilikuwa osho la pili; la kwanza, la mchana, lilikuwa limeng'oa damu. Wathome akalilaza gurudumu ndani ya karai la mafuta ya taa mapya, akashika brashi ya waya.

Kwaru... kwaru... kwaru...

Harufu ya mafuta ya taa ikapotea. Ikaja nyingine, ya buchani.

Akasugua kwa nguvu zaidi.

"Polepole, fundi."

Akageuka. Hapakuwa na mtu.

Kwaru...

"Polepole. Huo ni mkono wangu."

Brashi ikamponyoka. Alikimbia hadi kwa Kalondu, mikono ikichuruzika.

"Nisamehe, mwaitu. Nimeliosha."

Kalondu hakumkemea. Afadhali angemkemea. Alinong'ona tu:

"Na yale mafuta machafu ya kwanza... uliyamwaga wapi?"

Wathome akageuka kutazama upande wa nyumba yake. Hakuwa ameyamwaga. Alikuwa ameyapaka nguzo za nyumba yake kuzuia mchwa, kama kila mtu afanyavyo huku.

Kesho yake mzee wa mila alikuja na mbuzi wake. Akagusa chuma kilichong'aa, akatikisa kichwa.

"Hapa hakuna mtu tena. Amehama."

Trekta ililima vizuri tu, na Kalondu akapanda kwa wakati. Lakini Wathome hacheki tena mbele ya watu. Kila jioni husimama nje ya nyumba yake mwenyewe, kofia mkononi, na kupiga hodi.

Huitikiwa, "Karibu."

Si kila mara huwa ni sauti ya mkewe.