Jina Lililochekewa

Mtoto alipiga chafya moja tu, chafya ndogo ya kitoto, na wanawake wote chumbani wakacheka. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, ingawa kwa muda hakuna aliyejua.

Pale Merigi, kijiji cha Wakipsigis, mtoto mchanga hapewi jina hivi hivi. Bibi wa boma humsogezea ugoro puani, kidogo tu, kisha wanawake wanawataja marehemu wa ukoo mmoja baada ya mwingine. Akipiga chafya kwenye jina fulani, basi huyo ndiye aliyerudi. Wanawake wakicheka, mambo yamekwisha, maana kicheko ndicho kinachompokea mgeni. Kanisani wanajua na wananyamaza, kwa kuwa mke wa mchungaji naye alipigishwa chafya akiwa mchanga.

Siku hiyo Kogo Rodah, bibi wa boma, alikuwa ametaja majina karibu saa nzima. Mvua ya saa tisa ilikuwa imeanza kugonga mabati na mtoto alikuwa anapiga miayo. Chemutai, shangazi wa mtoto, alikaa pembeni na simu yake akirekodi. Huyo ndiye alikuwa msomi wao. Wenzake wa shule walikuwa walimu na manesi, yeye akaenda Nairobi kufanya shahada ya uzamili katika falsafa ya Wagiriki wa kale, na hadi leo mama yake hajaweza kuwaeleza majirani ni kazi gani hiyo. Alirudi nyumbani ili aandike tasnifu yake kwa utulivu. Ilimhusu mwanafalsafa mmoja aliyesahaulika, Arkesandro, ambaye maneno yake yaliyosalia duniani ni mistari tisa tu.

"Kogo, majina yameisha," Chemutai akasema kwa utani. "Jaribu Arkesandro!"

Mtoto akapiga chafya. Wanawake, wengine kwa uchovu, wengine kwa utani ule, wakaangua kicheko. Janefer, mama ya mtoto, ni Mkisii wa upande wa Sotik na hakuyajua majina ya ukoo wa mumewe, kwa hivyo akacheka pia. Alidhani jina limepatikana, na machozi ya furaha yakamtoka, maana huyu alikuwa wa tatu na wawili wa kwanza aliwazika.

Kogo Rodah peke yake hakucheka. "Huyo ni nani?"

"Ni mtu wa kwa vitabu, Kogo. Alikufa zamani sana, miaka elfu mbili na zaidi."

"Watu wake walimzika wapi?"

Chemutai akaacha kutabasamu. "Hawakumzika. Meli yake ilizama."

"Wewe, Chemutai! Mmemchekea mtu asiye na kaburi!" Kogo akamfuta mtoto pua, akarudia majina yote tangu mwanzo, lakini chafya haikuja tena. Na sheria ni sheria, majina hayaitwi siku mbili ndani ya mwezi mmoja. "Tungoje mwezi mpya," akanong'ona. "Na wewe, hiyo kitabu funga. Usimtaje tena, unasikia?"

Chemutai aliitikia. Kufunga kitabu, hakufunga.

Siku ya tatu, mvua ya saa tisa ilipoanza, nyumba ilinuka chumvi na majani yaliyooza. Kipkirui, baba ya mtoto, alizunguka akitafuta panya aliyekufa. Chemutai aliijua harufu ile, kwa sababu alipokuwa shule ya upili walipelekwa Mombasa. Ilikuwa harufu ya bahari, na bahari iko mbali na Merigi, mbali sana.

Siku ya tano mtoto alikataa ziwa. Siku ya saba Janefer alipiga deki sakafu, akatoka kwenda kuanua nguo, akarudi akakuta nyayo za maji zimetoka mlangoni hadi kitandani kwa mtoto. Zilikuwa nyayo za mtu mzima asiye na viatu, wala hazikurudi.

"Anti," akamwita Chemutai kwa sauti ya chini, "kuna mtu ameingia hapa?"

"Hakuna mtu," Chemutai akajibu, na hilo lilikuwa kweli kwa kiasi fulani.

Alasiri ile Chemutai aliachiwa mtoto, Janefer akaenda kukama. Mvua ilikuwa ya mawe, mtoto amelala, na kati ya kelele ya mabati Chemutai akasikia mtu anaongea. Akageuka mlangoni, hapana mtu, akageuka dirishani, hapana mtu, kisha akainama polepole juu ya blanketi, akaona midomo ya mtoto wa wiki tatu, midomo ambayo ilikuwa haijajua hata kutabasamu, inacheza taratibu na kutoa sauti nzito ya mzee aliyechoka, iliyojaa maji, na lugha iliyotoka haikuwa Kipsigis wala Kiswahili bali Kigiriki kile kile cha kale ambacho yeye alikisotea miaka minne.

Aliusikia mstari wa kwanza wa ile tisa. Akausikia wa pili. Alimsikiliza hadi wa tisa, na sauti haikusimama. Ikasema wa kumi.

"Maji yalinichukua kabla sijamaliza kusema."

Hakuna mtu aliye hai aliyewahi kuusikia mstari ule. Mtu mwingine angemnyakua mtoto akimbie naye kwa Kogo, na Chemutai alijua hivyo. Lakini, Mungu amsamehe, alichukua kalamu.

Siku nane alifanya hivyo. Kila mvua ilipoanza alimwambia Janefer, "Enda upumzike, nitamshika mimi," na Janefer akashukuru, akisema amepata wifi wa dhahabu. Mistari ikafika kumi na saba. Chemutai hakulala, hakula, alikuwa na furaha iliyomwogopesha mwenyewe. Kliniki, mtoto alipimwa akakutwa amepungua nusu kilo. Nesi akauliza kama mama ana maziwa. Janefer akalia njia nzima, na Chemutai akatembea kando yake amebeba mwavuli, akihesabu moyoni: kila mstari na uzito wake. Alijua. Akajiambia bado mstari mmoja tu.

Siku ya tisa Janefer hakupumzika. Alisukuma mlango pole pole, akamkuta wifi yake ameinama, sikio karibu na mdomo wa mtoto, kalamu inakimbia kwenye daftari, na chumba kizima kinanuka bahari, na mtoto, mtoto wake aliyembeba kwa hofu miezi tisa baada ya makaburi mawili madogo nyuma ya nyumba, amefumbua macho meupe, anaongea kwa sauti ya mwanamume, na maji ya chumvi yanamtoka mdomoni yakilowesha blanketi.

"Yesu wangu!" Akamnyakua. "Anti, unamsikiliza mtoto wangu ama unamnywa?"

Chemutai akaanguka magoti palepale.

Mwezi mpya ulikuwa umeandama jana yake. Kogo Rodah aliitwa, akaja na wanawake wanne na ugoro. Hakumgombeza Chemutai. Alimtazama kwa huzuni tu, na hiyo iliuma zaidi.

"Mtu huyu hana kaburi," Kogo akasema. "Maneno yake ndiyo nyumba yake, na wewe umekuwa ukimjengea. Leta yote. Ukibakisha hata neno moja, atalifuata."

Chemutai akaleta daftari na simu. Kipkirui akalichana daftari karatasi moja moja na kuzitia jikoni, na kila karatasi ilitoa mvuke badala ya moshi. Vilivyokuwa kwenye simu alivifuta Chemutai mwenyewe, Kogo akisimama juu yake.

Kisha wakaanza kuita, na mvua nayo ikaanza. Waliita mababu, mtoto akawa baridi. Waliita mabibi, maji yakaingia chini ya mlango yakapanda sakafuni mpaka kwenye vidole vyao, na nje, kule kwenye michai, mtu mzima akawa analia kwa lugha isiyojulikana akizunguka nyumba, akigonga ukuta mmoja, halafu mwingine, halafu wa tatu, na Janefer alimkumbatia mwanawe akisema, "Msiache, tafadhali msiache," mpaka Kogo Rodah, sauti yake imekauka, akamtaja mumewe mwenyewe, marehemu Kimalel, mchuma chai na mcheza bao.

Mtoto akapiga chafya.

"Chekeni!" Kogo akapiga kelele. Wakacheka, wakilia wakicheka, Janefer akicheka kuliko wote. Kilio cha nje kikakatika. Mtoto akageuza uso akatafuta ziwa, akanyonya hadi akalala.

Leo Kimalel mdogo anatambaa, na mashavu yake yanamvutia kila mtu kuyafinya. Huyo amepona kabisa, msiwe na wasiwasi naye.

Ila Chemutai hakufuta yote. Mstari wa kumi na saba hakuhitaji kuuandika popote, ulikuwa umemkaa kichwani. Aliporudi Nairobi alimaliza tasnifu kwa mistari tisa tu, kama kila mtu. Lakini ilikosa mwisho mzuri. Usiku wa mwisho kabla ya kuiwasilisha, akauongeza mstari ule chini kabisa, kana kwamba ni sentensi yake mwenyewe.

Siku ya kuitetea ilikuwa kavu, jua kali, hakuna wingu. Maprofesa wanne walikaa mbele yake. Mambo yalikwenda vizuri mno. Mwishoni profesa mmoja mzee akavua miwani akasoma kwa sauti: "'Anayenikumbuka ndiye nyumba yangu.' Sentensi nzuri sana hii. Ni yako?"

Angeweza kusema hapana. Alimfikiria Kogo, akamfikiria Janefer. Lakini shahada ilikuwa pale mezani, karibu kuliko wakati wowote.

"Ni yangu," akasema.

"Hongera, basi. Ungeniambia imesemwa na Arkesandro mwenyewe, ningeamini."

Chemutai akahisi kitu kinamtekenya puani. Akabana pumzi, akauma mdomo, akashika meza kwa mikono miwili.

Akapiga chafya.

Maprofesa wanne wakatazamana, wakacheka.