Mama Asiyeonja Pombe Yake

Jua lilikuwa linazama na Sostenes hajatia kitu tumboni tangu asubuhi. Mwezi wa saba Lusahunga una ubaya wake: mchana vumbi, jioni baridi inayoingia mpaka kwenye meno. Yeye alipiga zeze, mdogo wake Adventina akaimba, wakizunguka kati ya malori yanayosubiri kwenda mpakani Rusumo. Madereva walipandisha vioo.

"Nyie, hamieni huko!" Shibuda, mchoma mishikaki, aliwamwagia maji machafu miguuni. "Mnanifukuzia wateja na kelele zenu!"

Sauti ya Adventina kelele! Mtu akishiba moshi wa nyama yake husema lolote. Sostenes alimeza hasira, wakasogea hadi kwenye lori la mwisho, mahali taa za maduka hazifiki.

Hapo wakamkuta mama mmoja amesimama peku, kitenge kimemfunika hadi kidevuni. Alinuka majivu yaliyomwagiwa maji.

"Shikamoo, mama," Adventina alisema, sauti ikimkwaruza.

Mama alinyoosha kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, mrija umo ndani.

"Koo limekauka," alinong'ona. "Kunywa."

Kwao Ngara hata mtoto anajua: mwenye pombe hunywa kwanza, mgeni akimwona, ndipo anampa. Asipoonja, usipokee. Adventina alirudi nyuma.

"Kaka, hajaonja."

"Hapa siyo kwa bibi. Kunywa upate sauti, tule."

Hasira alizotiwa na Shibuda, Sostenes akazimalizia kwa mdogo wake. Adventina akavuta mrija.

Fyoo… fyoo…

Kisha akafungua mdomo aimbe. Hakikutoka kitu. Akajaribu tena, mishipa ya shingo ikamtoka.

Kimya.

Yule mama akageuka, akapotelea nyuma ya lori. Na huko nyuma… wimbo ukaanza.

Ilikuwa sauti ya Adventina.

Sostenes akakimbia, akalizunguka lori. Hakuna mtu. Sauti ikahamia lori la pili. Akaifuata. Ikahamia jingine. Madereva walishusha vioo, wakapiga makofi. Hata Shibuda aliacha nyama iungue.

"Leo binti kaimba!" alipaza sauti. Sostenes alitamani kumnyonga.

Leonsia, muuza chai, ndiye pekee hakupiga makofi. Alimsogelea Adventina, akamnusa mdomo, kisha akaanza kulibeba jiko lake haraka haraka.

"Mmenyweshwa," alinong'ona. "Kabla yenu alinyweshwa kijana mmoja wa ngoma. Ondokeni. Msikae karibu na mimi."

"Huyo kijana alipona?"

"Ndugu zake walimkimbia."

"Kwa nini?"

Leonsia alikwishaondoka na jiko lake.

Walipata lifti kwenye lori la mahindi lililokuwa linaelekea Ngara. Walikaa juu ya magunia, Sostenes amemshika mdogo wake mkono, akimwomba msamaha njia nzima. Aliumia, na aliomba kwa moyo wote. Adventina akamlalia begani.

Walipofika Benaco, dereva alisimama anunue maji. Wauza ndizi wakalizunguka lori gizani, kila mmoja anaita kivyake. Katikati ya makelele hayo sauti moja ikapanda, karibu kabisa, inalia.

"Kaka… mbona umeniacha Lusahunga?"

Sostenes aliinama kutazama chini. Wauza ndizi walikuwa wengi, na nyuso hazionekani.

"Kaka… huyo uliyemshika mkono ni nani?"

Adventina alitikisa kichwa kwa nguvu, machozi yanamtiririka, mdomo unafunguka na kufungika bila neno. Akamng'ang'ania.

Sostenes alimjua mdogo wake tangu anabebwa mgongoni. Alijua ni yeye. Alijua kabisa.

"Kaka, sogea. Usimwangalie usoni."

Akauachia mkono.