Uyoga Aliyekaukiwa na Sauti

Kila Jumanne na Alhamisi, baada ya masomo, Radana alipanda tramu, treni ndogo ya barabarani, hadi jumba la opera la mji wa Olomouc, akitafuna mkate wake wa siagi njiani. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na aliimba katika kwaya ya watoto. Msimu huo walitayarisha opera, yaani mchezo unaoimbwa, iliyotokana na ngano kwa ajili ya familia: binti mfalme amepotea msituni, na Uyoga mdogo anamwimbia njia ya kurudi kwao. Radana ndiye aliyekuwa Uyoga. Wimbo ule aliuimba peke yake, na Jumapili ya onyesho la kwanza, saa nane mchana, bibi yake angekuja kwa treni kutoka kijijini kumsikia.

Jumanne ya wiki ya onyesho aliamka koo likimwasha. Kufikia wakati wa mazoezi, hata kumeza mate kulimuuma.

"Mbona sauti iko chini hivyo?" aliuliza Mwalimu Vlasta, kiongozi wa kwaya, akiacha kupiga piano.

Radana aliwakumbuka waimbaji wakubwa. Wao kwenye mazoezi huimba kwa nusu sauti ili wasijichoshe kabla ya onyesho, na hakuna anayewalaumu.

"Najitunzia sauti, Mwalimu."

Mwalimu akacheka. "Haya, bibi mkubwa! Jitunzie."

Katika chumba cha mavazi, Jolana, mwenzake wa kwaya, alimsogelea. Yeye alikuwa amejifunza wimbo huohuo, ili ashike nafasi ikitokea dharura.

"We Radana, umekuwa nyota lini? Au uyoga umeingiwa na mdudu?"

"Wivu tu huo."

"Wivu wa nini, wa kuitwa uyoga?" Kisha Jolana akapunguza sauti. "Kama unaumwa, sema. Wimbo naujua, lakini kile kisiki cha jukwaani unachopanda na kuruka, sijakigusa hata siku moja. Nahitaji kufanya mazoezi."

"Siumwi!"

Alhamisi akasema vilevile. Jumamosi, kwenye mazoezi ya mwisho, pia. Hata mama yake alipomuuliza nyumbani, alijibu kwamba anajitunzia sauti.

Jumapili saa sita, akiwa tayari amevaa, Radana alijaribu mstari wa kwanza. Ilitoka sauti ya kukwaruza, kama mlango uliokosa mafuta. Alijaribu tena, haikutoka hata hiyo. Alikaa chini akalia kidogo, kisha akainuka akaenda kwa Mwalimu Vlasta.

"Mwalimu," alinong'ona, "nimekudanganya. Sikuwa najitunzia. Koo linaniuma tangu Jumanne."

Mwalimu hakufoka. Alimgusa paji la uso, akamchungulia kooni kwa tochi. "Leo huimbi, mwanangu. Ukilazimisha, unaweza kukaa miezi bila sauti. Jolana!"

"Kuimba nitaimba, Mwalimu," Jolana alisema, "lakini kwenye kile kisiki nitaanguka puu! Watoto watanicheka mpaka Krismasi."

Basi ikaamuliwa kama wafanyavyo waimbaji wakubwa mmoja wao anapokaukiwa na sauti: Radana angeigiza bila kutoa sauti, na Jolana angeimba akiwa amesimama pembeni, nyuma ya pazia.

"Lakini Jolana hawatamwona!" Radana alinong'ona.

"Hawatamwona. Na ungesema Jumanne, leo angekuwa juu ya kisiki."

Radana aliinamisha kichwa. "Basi uwatajie jina lake, Mwalimu. Na bibi yangu asikie."

Mwalimu Vlasta alitoka mbele ya pazia akawaeleza watu mambo yote mawili: nani anaigiza na nani anaimba. Onyesho likaanza. Radana alipanda kisiki, akaruka, akamwonyesha binti mfalme njia, na sauti ya Jolana ikajaza ukumbi wote. Makofi yalipolipuka, Radana alikimbia pembeni akamvuta Jolana kwa mkono, akiwa vilevile na sweta lake la shule, hadi katikati ya jukwaa. Kisha akarudi nyuma, akamwacha ainamie watu peke yake.

Baadaye bibi alimkumbatia. "Nilikuja kukuona, nimekuona. Usijibu, we! Kunywa chai."

Mwalimu Vlasta akawaita wote wawili. "Kujitunza, wanangu, ni kusema mapema panapouma. Anayeficha ugonjwa huanza kwa kujiumiza mwenyewe, na huishia kuwaumiza wenzake. Jumapili ijayo, Uyoga ni Jolana."

Radana alimshika Jolana mkono, akampeleka kwenye kisiki, akaanza kumwonyesha, polepole, mahali pa kuweka mguu wa kwanza.