Sahani ya Isidore

Mimi ndiye mwenye kudanganya watu ku teatre, na wananipigia makofi. Rafiki yangu Isidore hajui kudanganya. Basi sikia yake.

Mwaka 1986, biro moja ya kahawa hapa Bunia ilipata ordinatere, ni kusema kompyuta, mpya, lakini ilikuwa inakwama-kwama ovyo. Patron, mukubwa wa biro, akamwambia Isidore, fundi wa ile mashine: "Nikirudi kutoka Mahagi-Port saa kumi na haitembei, kazi yako imekwisha."

Ilikuwa siku yake ya tatu bila kupumzika. Alifunga madirisha ya mbao sababu ya vumbi, akapima tena memware, mule mashine inatunza mambo. Mashine ilihesabu, ikafika pale pale, ikalia tii, tii, tii, ikakwama. Akachomoa tupande tweusi twa memware kamoja kamoja, akatuweka mu sahani. Mama Godelive, mupishi wa biro, akaifunika na kitambaa, kama chakula ya mutu mwenye hayuko.

"Papa Isidore, maharagi hii unakula na bugali?"

"Mama, niache. Nimechoka hata kucheka."

Pale pale grupu ya umeme, ile jenereta ya inje, ikazimika. Chumba kikawa giza, mashine ikanyamaza kabisa. Isidore akalaza kichwa juu ya meza, akijua hana kazi tena.

Tii, tii, tii.

Akapapasa ukuta, akachomoa waya wa mashine.

Tii, tii, tii.

Mama Godelive alisogea nyuma mupaka mulangoni, mbali na ile sahani. Hakuwa anacheka.

"Papa Isidore," akasema polepole, "chakula yako iko inakuita."