Vumbi la Bonde la Kettle

Nisikilizeni, ndugu zangu, na anayejiona hayamhusu anisikilize zaidi. Haya yaliwapata majirani zangu wa Bonde la Kettle, Virginia ya Magharibi, na wote walikuwa watu wema. Hilo ndilo linaloniuma.

Jumapili moja, baada ya ibada, Idella Ratliff aliandaa meza: maharage yaliyopikwa na nyama ya nguruwe, mkate wa mahindi, na nyanya za kijani za kukaanga. Mumewe Verlin alikaa barazani, mtungi wa oksijeni ubavuni na mpira puani, kwa maana mgodi wa makaa ya mawe ulikuwa umemla mapafu. Mwana wao Corbin, naye mchimbaji, alikuwa akimtania.

"Baba, huyu mbwa wako amenenepa kukushinda. Mnagawana chakula au anakunyang'anya?"

"Angalau yeye ana adabu kuliko wewe."

Idella alicheka, akamshukuru Mungu kimoyomoyo. Ndipo Corbin akakohoa. Kilikuwa kikohozi kikavu, na Idella alikijua, kwa sababu alikuwa amelala kando ya kikohozi kama hicho, cha Verlin, miaka mingi.

"Kimekuanza lini hicho?"

"Mafua tu, mama."

"Mafua ya Julai, na joto lote hili?"

Corbin akajaza mkate mdomoni ili asiulizwe tena.

Sasa niseme jambo ambalo bondeni kwetu kila mtu analijua na hakuna anayelitaja. Mchimbaji huvalishwa kipima vumbi kifuani, ijulikane anavuta hewa gani. Vumbi likizidi, mkaguzi wa serikali anasimamisha kazi, na kazi ikisimama hakuna mshahara. Basi wanaume wetu wana desturi ya kukificha kipimo ndani ya koti, au kukitundika pale hewa safi inapoingilia. Verlin alifanya hivyo maisha yake yote, na Corbin alifundishwa naye, kama watoto wengine wanavyofundishwa kuvua samaki. Waliowabana walikuwa wakaguzi tu, waliokuwa wakiingia mgodini bila hodi na kuwafunua makoti.

Uchaguzi ulipokaribia, wakubwa wa mji mkuu, wenye kujiita watetezi wa mila, walitoa mpango mnene wa kuigeuza serikali. Ulisema ofisi zinazobana biashara zifungwe, na watumishi wa umma waliowekwa kwa ujuzi wao wapishe watiifu wa rais. Bwana Tolliver, mgombea ubunge, aliuleta bondeni akaupamba. Wakaguzi, alisema, ndio wanaowatoa mkate mdomoni. Verlin alishangilia hadi pumzi ikamwishia.

"Unawashangilia wanaotaka kuwafukuza walinzi wako?" Idella alimuuliza walipofika nyumbani.

"Walinzi gani? Walifunga mgodi mwaka aliozaliwa Corbin. Tulikula viazi vitupu msimu mzima wa baridi. Umesahau?"

"Sijasahau. Mimi ndiye niliyevimenya."

"Basi niachie."

Idella akamwachia, na kwa hilo alijilaumu baadaye. Lakini ndugu yangu, usimcheke Verlin. Mtu aliyewahi kuilisha nyumba yake viazi vitupu, ukimtajia mkaguzi yeye anaona njaa.

Tolliver akashinda, na mpango ukashinda. Ofisi ya wakaguzi ya wilaya ikafungwa. Gari la eksirei, lililokuwa likija kila mwaka kuwapima wachimbaji bure, halikuonekana tena. Mkuu mpya wa idara ya migodi alijua kumsifu aliyemteua, makaa hakuyajua. Mgodini, kampuni iliacha kutengeneza mapazia yaliyochanika ya kuelekeza hewa safi kwa wachimbaji, maana nani angeuliza? Vumbi likawa zito hata mtu haoni taa ya mwenzake. Na Corbin aliendelea kukificha kipimo kwa mazoea, ingawa hapakuwa tena na wa kumfunua koti. Tazameni tulivyokuwa wajinga.

Majira ya kuchipua yalipofika, Corbin hakuweza kumbeba binti yake mdogo kupanda ngazi za nyumba. Idella akampeleka hospitali ng'ambo ya mlima. Daktari aliitazama picha, kisha akamtazama Corbin, kijana wa miaka thelathini na minne.

"Haya ni mapafu ya mzee. Yaliyoharibika hayarudi. Kwa nini hukuja mapema?"

"Gari la kutupima haliji siku hizi," Corbin alisema.

Verlin alipoambiwa, aligeuza uso ukutani.

"Mimi ndiye niliyemfundisha kukificha."

"Ndiyo, ni wewe," Idella alimjibu. Alikuwa na hasira na alikuwa akilia, yote pamoja. "Na kura ulipiga wewe. Sasa hayo yaache, uniletee viatu vyako vya kanisani nivisugue. Tolliver anakuja Jumamosi."

Ukumbi wa zimamoto, tunakofanyia mikutano, ulijaa. Tolliver alieleza jinsi wachimbaji walivyokombolewa. Idella akasimama.

"Mheshimiwa, mimi si msemaji. Corbin, mwanangu, toka hapo mlangoni uje mpaka jukwaani."

Corbin akaanza kutembea. Katikati ya ukumbi alishika kiti, akainama, na kila mtu akasikia kifua chake kikivuta hewa na kuikosa. Tolliver alitazama saa yake. Verlin akauburuta mtungi wake hadi pale, akamshika mwanawe mkono.

"Nilikupa kura yangu," alimwambia Tolliver. "Ulisema utawaondoa wanaotusumbua. Waliokuwa wakinisumbua walitaka mwanangu apumue."

"Wananchi ndio walioutaka mpango huu," Tolliver alijibu.

"Na wananchi ndio hawa," alisema Idella. "Jumatatu hakuna mtu atakayeteremka mgodini."

Jumatatu wanawake walisimama langoni mwa mgodi, Idella mbele, na wanaume wakakaa nje, vipimo vikiwa juu ya makoti. Kampuni ilitukana, ikatishia, mwishowe ikashona mapazia na kufungua maji ya kulaza vumbi. Ofisi ya wakaguzi imefungwa hadi leo, na kila mwezi Idella yuko mji mkuu akiwagongea milango. Corbin hawezi kwenda naye. Siku hizi yuko barazani kando ya baba yake, na mitungi ni miwili.

FUNZO

Ndugu zangu, mtu akikuahidi kumwondoa anayekusumbua, muulize kwanza yule alikuwa akikusumbulia nini. Serikali ina makosa yake, na tuyaseme bila woga. Lakini anayelinda pumzi za watu awekwe kwa kuijua kazi, wala si kwa kumpenda mkubwa. Na tukikosea kura, kama Verlin alivyokosea, tusigeukie ukuta. Tusimame tudai, mapafu ya watoto wetu yangali mazima.